Wenye kisa wapewe jukwaa

Ndugu mwandishi, makala yako nimeisoma kwa taadhima, ila siafikiani nawe kwamba tamthilia ya ushahidi wa watu hai haina budi kuachiwa waigizaji waliofunzwa, maana jirani na hapa kwetu Granville, jijini Sydney, katika ukumbi wa Riverside, Parramatta, mwaka 2013, mwongozaji Ros Horin aliwapandisha jukwaani wanawake wanne wa Kiafrika, miongoni mwao Rosemary Kariuki wa Kenya, wakasimulia wenyewe madhila yaliyowasibu. Shangazi yangu, ambaye tangu atoke Bukavu hakuwahi kutueleza safari yake, alinibana mkono muda wote wa onyesho hilo, na katika treni ya kurudi akaanza kusema. Nanyi wasomaji wenzangu mnaohofia kutonesha majeraha, hofu yenu ni ya haki, basi tudai kila msimuliaji awe na hiari ya kufuta neno lake hata usiku wa onyesho.