Mwaka huu silali Muheza (na sijawa Mzungu)

Najua nimekuwa kimya. Zamu zimebana, na giza la huku Stockholm likishaingia mtu anabaki na hamu ya kulala tu. Leo sina zamu, nimechemsha chai ya tangawizi, nimekaa dirishani natazama theluji, na nina jambo ambalo nimelizungukazunguka tangu mwezi uliopita. Leo nalisema.

Wengi mmesikia kwamba tunakuja Septemba. Ni kweli. Wengi pia mmesikia kwamba nimemwambia Mama sitalala nyumbani Muheza, ila yeye apande Lushoto akae nasi siku 10 kule juu Magamba. Hilo nalo ni kweli. Na maneno yameshanifikia, maana siku hizi Muheza na Stockholm ni mlango kwa mlango. Shangazi (shikamoo Shangazi) kasema nimeolewa na Mzungu sasa nyumba ya baba yangu inaninukia. Binamu mmoja kaandika kwenye kundi la familia kwamba mbu wa Muheza hawaulizi pasipoti. He he he... Binamu, umesema kweli kuliko ulivyodhani. Hawaulizi. Ndiyo shida yenyewe hiyo.

Kwetu mambo haya hayasemwi. Mtoto husemwa akishaonekana tumboni, na hata hapo wengine hujifunika kanga mbili. Lakini Jumapili nimezungumza na Mama, akaniambia, "Waambie mwanangu, wakuelewe, mimi nimechoka kukutetea." Basi nawaambia. Mume wangu na mimi tunatafuta mtoto. Mwaka wa tatu huu, na mimi nina miaka 36.

Mnakumbuka nilivyokuja harusini miaka miwili iliyopita? Nililala nyumbani wiki tatu, katika chumba changu kile kile cha zamani, chandarua kina tundu la kupita ngumi. Dawa ya kinga sikumeza hata kidonge kimoja. Mimi, mwenye shahada ya uuguzi! Wagonjwa wangu wanaokwenda likizo Afrika nawahubiria kila siku. Lakini mwenyewe nilijiona mtu wa kwetu, nimezaliwa humo, malaria nimeugua utotoni mara zisizohesabika, itanifanya nini?

Siku ya 12 baada ya kurudi nikapata homa, baridi mpaka meno yanagongana. Nilikwenda hospitali usiku ule ule na neno la kwanza nililosema mlangoni ni "nimetoka Tanzania". Walipima damu, wakawakuta vimelea. Nilitibiwa vizuri. Ila katika vipimo vile vile ndipo nilipojua kuwa nina mimba ya wiki sita hivi. Na kabla wiki haijaisha ilikuwa imetoka. Nyinyi mlipopiga simu niliwaambia nina mafua. Nisameheni kwa hilo.

Sasa niseme kama nesi, nisije nikadanganya kwa uchungu. Mimba changa hutoka kwa sababu nyingi, mara nyingi ni kasoro katika chembe za urithi tangu mwanzo, na hakuna daktari anayeweza kuniambia kwa hakika kwamba yangu ilitolewa na malaria. Mimi mwenyewe siwezi kuapa. Lakini najua homa ile na vimelea vile vinaweza kufanya nini, na sitaki kubahatisha mara ya pili.

Hapa ndipo ninapotaka tubishane, maana hoja ninayoisikia kila mara ni ile ya "sisi tumeshazoea". Mwili wa mtu anayeishi na malaria hujijengea kinga fulani, kweli, si kamili, lakini inapunguza makali. Kinga hiyo inalindwa na kuumwa na mbu mara kwa mara. Ukiondoka ukakaa miaka kadhaa mahali pasipo na malaria, inapungua. Mimi nina miaka 9 huku. Ndiyo maana sehemu kubwa ya wagonjwa wa malaria wanaopatikana Ulaya si watalii wa kwenda kuona simba. Ni sisi, tuliokwenda kusalimia nyumbani, tukalala kwa mama, tukaona aibu kutundika chandarua kana kwamba tunawatukana wenyeji.

Na mimba ya kwanza ni habari nyingine kabisa. Hata mwanamke ambaye hajatoka Muheza maisha yake yote, mimba ya kwanza inamkuta hana kinga ya kutosha, kwa sababu vimelea hujificha kwenye kondo la nyuma, kiungo ambacho mwili wake haujawahi kuwa nacho. Mwaka 1996 ulichapishwa utafiti uliofanyika Kisumu, Kenya, ulioonyesha kwamba vimelea hao wana namna yao ya kunasa kwenye kondo, tofauti na wale wanaomuumiza mtu mwingine. Ukishabeba mimba mbili tatu mwili unajifunza. Ya kwanza inalipa gharama: mama anaishiwa damu, mimba inaweza kutoka, mtoto anaweza kuzaliwa mdogo au kufia tumboni. Na pale kwetu Muheza na Korogwe watafiti wameshapima akina mama na watoto miaka mingi. Yaani wataalamu wanafunga safari kutoka mbali kuja kujifunza malaria kwenye kijiji chetu, halafu sisi tunaiita homa tu.

"Si umeze dawa ya kinga?" aliniuliza kaka. Swali zuri. Doxycycline haitakiwi kwa mjamzito, inaharibu meno na mifupa ya mtoto. Malarone haipendekezwi kwa mjamzito kwa sababu ushahidi wa usalama wake bado ni mdogo. Inabaki mefloquine, inayoitwa pia Lariam, ambayo mjamzito anaweza kupewa kama safari haiepukiki, lakini ina sifa ya kuwapa watu majinamizi na kuwavuruga akili, na Waingereza hushauri ukishaimaliza usubiri miezi mitatu kabla ya kutafuta mimba. Wamarekani hawana wasiwasi kiasi hicho. Mtu wa miaka 36 anayehesabu mizunguko yake, miezi mitatu si midogo jamani. Kisha kuna zile wiki mbili za mwanzo ambazo mwanamke hajui kama anayo au hana. Unameza dawa ukijiuliza unamlinda nani.

Mume wangu, ambaye hamu yake kubwa maishani ni kuona tembo, alikuja na vitabu vya safari. Kampuni za huku zinawauzia wenye watoto wadogo na wenye mimba safari za Afrika Kusini, kwenye mbuga zisizo na malaria: Madikwe, Pilanesberg, Addo. Hiyo Addo ilianzishwa mwaka 1931 ikiwa imebakiwa na tembo 11 tu, leo wako zaidi ya 600. Mama mkwe akafurahi, akasema tatizo limekwisha. Nikamjibu kwa heshima zote kwamba tembo ni wa mwanawe, mimi ninayemtaka yuko Muheza, ana miaka 67 na magoti yanamsumbua. Kwa Mzungu safari ni wanyama. Kwetu safari ni safari, na mwisho wake kuna mtu anakusubiri mlangoni.

Mwingine akasema basi nendeni Zanzibar, malaria imekwisha. Zanzibar wamefanya kazi kubwa, kwa miaka mingi kiwango chao kilikuwa chini ya asilimia 1. Lakini kati ya 2023 na 2024 wagonjwa waliongezeka tena. Haijakwisha.

Kwa hiyo nikafungua ramani nikaanza kusoma mita. Mbu anayeeneza malaria hapendi baridi, na kimelea chenyewe kikiwa ndani ya mbu kinahitaji joto ili kikomae. Kukiwa na baridi mbu anakufa kabla kimelea hakijawa tayari. Ndiyo maana katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022, kati ya watoto wa chini ya miaka mitano waliopimwa, Tabora walikuwa na malaria asilimia 23 hivi na Mtwara 20, wakati Kilimanjaro hawakufika hata asilimia 1. Muheza tuko chini, kama mita 200. Lushoto mjini ni kama mita 1,400, na Magamba iko juu zaidi, msitu wake unapita mita 2,000. Wajerumani walilijua hili, walikimbilia kule juu joto na homa za pwani, Lushoto wakaiita Wilhelmstal. Miongozo ya wasafiri huhesabu kwamba Tanzania hatari iko chini ya mita 1,800. Magamba tutakapolala ni karibu na mstari huo, si salama asilimia mia, kwa hiyo chandarua tutatundika na dawa ya kupaka tutapaka. Lakini tofauti kati ya hapo na chumba changu cha zamani ni kubwa mno.

Tutapitia Addis Ababa, mji ulio juu zaidi ya mita 2,300 na hauna malaria, tushukie KIA mchana, na barabara ya Same mpaka Mombo tutaipita mchana, maana mbu huyu ni wa usiku. Nikiwa Magamba, Mama atakuja na machungwa yake, kaka atamleta kwa gari. Mwishoni tutapanda Ngorongoro usiku 2, kwa ajili ya yule wa tembo. Hoteli ziko ukingoni juu, mita 2,300 hivi, chini kwenye bonde mnashuka mchana, na saa 12 jioni magari yote lazima yawe yametoka. Ratiba kama imeandikwa na nesi! (Chanjo ya homa ya manjano ninayo ya zamani, na tangu 2016 cheti kimoja kinatosha maisha yote. Nawaambia wenzangu mlio nje, ichomeni kabla ya mimba, ni chanjo ya virusi hai.)

Sasa kuna jambo ambalo linaninyima raha kuliko maneno ya Shangazi. Wifi yangu, mke wa kaka, ameolewa mwaka jana na yuko pale pale Muheza. Mimi nachagua mita. Yeye hana pa kupanda. Nikisema "Muheza si salama kwa mimba ya kwanza" namwambia nini yeye? Nimelifikiria sana hili kwenye treni za alfajiri. Sina jibu la kunifurahisha, ila nina ya kumwambia. Wifi, SP ya kliniki huanza kutolewa kuanzia miezi mitatu ya kwanza ikishapita, kwa hiyo ile miezi ya mwanzo kinachokulinda ni chandarua peke yake. Usisubiri tumbo ndipo ukitafute. Kile chenye tundu katika chumba changu kitupeni, nimeshatuma hela za vipya viwili, kaka asije akavifugia kuku. Na ukipata homa usinywe panadol ukangoja, nenda ukapimwe siku ile ile. Zamani wajawazito wa miezi mitatu ya kwanza walipewa kwinini, lakini tangu Novemba 2022 Shirika la Afya Duniani limeruhusu mseto hata kipindi hicho. Dawa mama ya mseto iligunduliwa China na Tu Youyou, ambaye mwaka 2015 alikuja hapa hapa Stockholm kupokea Tuzo ya Nobel.

Wasweden wenyewe wananishangaza. Ukiwatajia malaria wanafikiri ni ugonjwa wa Afrika tangu kuumbwa kwa dunia. Wakati ilikuwa hapa hapa! Waliiita frossa, iliwatetemesha kwenye mabwawa yao mpaka miongo ya mwanzo ya karne ya 20. Carl Linnaeus, yule aliyekuwa kwenye noti yao ya kroner 100 mpaka 2017, aliandika tasnifu yake ya udaktari mwaka 1735 juu ya homa hizo, akasema chanzo ni udongo wa mfinyanzi. Mtu mkubwa namna ile naye alikosea, basi na Shangazi nimemsamehe.

Shangazi, kwa hiyo siikimbii nyumba ya baba yangu. Kaburi lake nitakwenda kulizuru mchana, nitasalimia nyumba kwa nyumba, nitakula wali wako wa nazi, na saa 10 jioni nitaomba ruhusa niondoke. Mkiniona natazama saa msinune. Na kama Septemba ikifika tukawa tumeshajaliwa, sitakuja kabisa, Mama anajua na amekubali. Alinyamaza kidogo kwenye simu, kisha akaniuliza kule Magamba kuna baridi kiasi gani, anunue sweta la aina gani.

Nimeshamnunulia, la sufu, rangi ya bluu. Haya, kesho nina zamu ya alfajiri. Kaka, nipigie ukimaliza kusoma, na umsalimie wifi sana.