Utepe Mweusi wa Harare

Mashindano ya Kombe la Dunia la kriketi yamepangwa kurudi barani Afrika mwaka 2027, mwezi wa Oktoba na Novemba. Wenyeji ni nchi tatu: Afrika ya Kusini, Zimbabwe na Namibia. Ni habari njema, na yafaa Afrika yote iifurahie, hata sisi ambao kwetu mchezo huo wachezwa na wachache. Lakini kabla ya bendera kupandishwa, inafaa kukumbuka kwamba mashindano hayo yalipokuwa Afrika mara ya mwisho, mwaka 2003, Zimbabwe na Namibia zilikutana katika uwanja wa Harare, na kwa jambo alilolifanya siku hiyo kijana mmoja wa Kiafrika alipoteza kazi yake, klabu yake na nchi yake. Jina lake ni Henry Olonga.

Olonga alizaliwa Lusaka mwaka 1976, baba yake akiwa Mkenya na mama yake Mzimbabwe. Alisoma Plumtree, karibu na mpaka wa Botswana, na huko ndiko ilikoonekana mbio yake na nguvu ya mkono wake. Tarehe 31 Januari 1995 aliingia uwanjani kuichezea Zimbabwe dhidi ya Pakistan katika mechi ya siku tano. Alikuwa na umri wa miaka 18 tu. Hakuna aliyekuwa mdogo kuliko yeye katika timu ya taifa kabla ya hapo, na hakuna Mwafrika mweusi aliyewahi kuvaa sare hiyo katika mechi za namna hiyo. Zimbabwe ilishinda, na huo ndio uliokuwa ushindi wake wa kwanza tangu ikubaliwe katika daraja hilo la juu mwaka 1992.

Hatusemi kwamba kijana huyu hakuwa na kasoro. Katika mechi hiyo hiyo mwamuzi alimkataza kwa namna anavyokunja mkono anapotupa mpira, ikambidi ajifunze upya mbele ya Dennis Lillee, mtupaji mashuhuri wa Australia. Aliumia mara kwa mara, na siku nyingine mipira yake ilikwenda ovyo. Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mwaka 1999 katika mji wa Leicester, India ikiwa imekaribia kabisa kushinda, Olonga aliwatoa wapigaji watatu katika zamu moja ya mipira sita, na Zimbabwe ikapata ushindi kwa mikimbio 3. Mwaka uliofuata, mjini Cape Town, aliwaangusha Waingereza sita kwa mikimbio 19. Mtupaji mwenye kasi hukomaa taratibu, na huyu alikuwa bado anakomaa.

Tarehe 10 Februari 2003, asubuhi ya mechi ya Namibia, Olonga na mwenzake Andy Flower, mpigaji bora kupita wote waliopata kutokea Zimbabwe, walitoa tamko lao kwa waandishi wa habari. Wakasema watavaa utepe mweusi mkononi kuomboleza kifo cha demokrasia katika nchi yao, na kwamba hawawezi kucheza kana kwamba hawaoni njaa, mateso na uonevu. Mmoja mweusi na mmoja mzungu, na hilo lilifanywa kwa makusudi, ili mtu asije akasema kuwa ni chuki za walowezi waliokasirika kwa kunyang'anywa mashamba. Hawakumtukana mtu wala hawakugoma. Walivaa utepe, wakacheza, na Zimbabwe ikashinda.

Na hapa ndipo penye jambo la kulitafakari. Flower alikuwa na miaka 34, amekwisha kufanya makubwa yake yote uwanjani, na aliendelea kupangwa katika timu. Baadaye alikwenda Uingereza, akawa mwalimu wa timu ya taifa ya huko na kuipa ushindi mkubwa. Olonga alikuwa na miaka 26. Huyu aliwekwa kando katika timu, klabu yake ikamfukuza, akatajwa kwa dharau kuwa ni kibaraka mwenye ngozi nyeusi na kinyago cheupe. Vitisho vya kumwua vikamfikia. Timu ilipokuwa Afrika ya Kusini katika mechi zake za mwisho alitangaza kuacha mchezo, kisha akaenda uhamishoni Uingereza na baadaye Australia. Alifunga hesabu yake na mechi 30 za siku tano na wiketi 68. Kosa lilikuwa moja, lakini adhabu kubwa ilimwangukia mweusi, tena katika nchi iliyokombolewa kwa damu ili mweusi awe na sauti.

Wako waliosema wakati ule, na wako wasemao hata leo, kwamba siasa isiingizwe katika michezo. Wazungu wakilisema neno hili twaweza kuwasikiliza kwa uvumilivu. Likitoka katika kinywa cha Mwafrika, twastaajabu. Nani aliyeifungia Afrika ya Kusini nje ya viwanja vya dunia kama si sisi? Mwaka 1976 nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwamo, zilikataa kushiriki michezo ya Olimpiki ya Montreal kwa sababu New Zealand ilikuwa imepeleka timu yake ya raga kwa makaburu. Wanariadha wetu waliikosa nafasi ambayo haikuwarudia tena, nasi tuliwaambia kwamba utu ni mkubwa kuliko medali. Tulikuwa na haki kusema hivyo. Basi ikiwa mkimbiaji wa Kiafrika aliweza kutakiwa aache medali kwa ajili ya haki za watu wa Soweto, mtupaji wa Zimbabwe hawezi kulaumiwa kwa kuvaa utepe kwa ajili ya watu wa Bulawayo na Harare. Na huyu hakuwa adui wa nchi yake. Mwaka 2001 alirekodi wimbo wa kuisifu Zimbabwe.

Mataifa makubwa nayo hayakujipatia sifa. Uingereza ilikataa kwenda Harare, lakini sababu iliyotolewa ilikuwa usalama wa wachezaji, si hali ya wananchi. New Zealand haikwenda Nairobi kwa kisingizio cha namna hiyo hiyo, na pointi zake zikawa za Kenya. Kenya ikaishinda Zimbabwe na kuingia nusu fainali, jambo ambalo Afrika Mashariki ina haki ya kujivunia, ingawa wapinzani wetu hupenda kutukumbusha zile pointi za bure.

Waliodhani kwamba kumwondoa Olonga kungeleta utulivu waliona matunda yake. Mwaka 2004 nahodha Heath Streak aliondolewa, na kundi la wachezaji likagoma. Kuanzia mwisho wa mwaka 2005 hadi 2011 Zimbabwe haikucheza mechi hata moja ya siku tano. Mwaka 2019 chama cha kriketi cha dunia kiliisimamisha uanachama kwa miezi kadhaa kwa sababu ya mkono wa serikali katika uendeshaji wa mchezo. Kwa hiyo siasa ilikuwamo uwanjani siku zote, na tena ikiwa imeshika funguo.

Rais Mugabe aliondoka madarakani Novemba 2017 na akafariki dunia Septemba 2019. Wengi waliotoa amri za mwaka 2003 hawamo tena. Olonga yuko hai. Amekuwa mwimbaji, na mwaka 2019 Waaustralia walimsikia katika mashindano ya sauti ya televisheni. Wakuu wa kriketi wa Zimbabwe watawaalika wageni wengi mwaka 2027, mawaziri, mabalozi na wenye mabenki. Tunawataka waandike barua moja zaidi, waipeleke Australia, na wamwombe mtu huyu aje kuimba wimbo wa taifa siku timu yao itakapoingia uwanjani.