Betri za Scania na bei ya gunia la mahindi

Mahindi ya Mbozi hayafiki Tandale kwa miguu. Yanafika kwa lori, na mara nyingi lori lenyewe ni Scania iliyokwisha kufanya kazi Ulaya miaka kadhaa kabla ya kushushwa bandarini Dar es Salaam. Kwa hiyo yanayoamuliwa Södertälje, mji wa Sweden yaliko makao makuu ya kampuni hiyo, hatimaye huingia katika bei ya gunia. Na kinachoamuliwa huko sasa ni namna ya kuhama kutoka dizeli kwenda umeme.

Scania, iliyo chini ya kundi la Traton la Volkswagen, haihami kwa mapenzi tu. Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria inayowataka watengenezaji wa malori makubwa wapunguze hewa ya ukaa ya magari mapya kwa asilimia 45 ifikapo 2030 na asilimia 90 ifikapo 2040, ikilinganishwa na kiwango cha 2019. Kwa dizeli hesabu hiyo haifiki. Kampuni ilijiwekea lengo kwamba nusu ya magari itakayouza mwaka 2030 yawe ya umeme. Lakini mwaka 2024, kati ya magari zaidi ya 100,000 iliyouza, ya umeme hayakufika hata moja katika kila mia.

Sababu mojawapo ni bei, na nyingine ni uchache wa vituo vya kuchajia. Ipo pia ya tatu, ambayo mkulima yeyote aliyewahi kutegemea mnunuzi mmoja wa zao lake ataielewa haraka. Tangu 2018 Scania iliweka matumaini yake kwa Northvolt, kampuni changa ya Sweden ya kutengeneza seli za betri. Mwaka 2023 wakatangaza seli inayoweza kuliendesha lori kilomita milioni 1.5, yaani karibu umri wake wote, na Scania ikafungua kiwanda chake cha kuunganisha betri Södertälje. Northvolt ikashindwa kuzalisha kwa kasi iliyoahidi. Machi 2025 ikafilisika. Kiwanda cha kuunganisha unacho, seli za kuunganisha huna!

Kilichoiokoa Scania, kwa maoni yangu, ni kwamba haikuitupa dizeli. Mwaka 2021 ilitoa injini mpya ya lita 13, iitwayo Super, ambayo yenyewe inasema inapunguza matumizi ya mafuta kwa asilimia 8. Wapo waliowacheka kwa kutia fedha nyingi katika teknolojia inayoaga. Mimi siwacheki. Tuseme semi treila inakunywa lita 400 kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam; asilimia 8 ni lita 32 kwa safari moja ya kwenda. Zidisha kwa safari za mwaka mzima uone.

Wakati huo huo kampuni imekwenda China, ambako malori ya umeme yananunuliwa kwa wingi kuliko Ulaya. Oktoba 2025 ilizindua kiwanda Rugao chenye uwezo wa kutoa magari 50,000 kwa mwaka. Huenda basi lori la kwanza la umeme litakaloteremka Kitonga na shehena ya mahindi likatoka China, tena likiwa jipya.

Sisi kwa kawaida ni mnunuzi wa pili au wa tatu, na hapo ndipo hofu yangu ilipo. Injini ya dizeli iliyochoka hufunguliwa gereji, ikabadilishwa pistoni na ringi, ikarudi barabarani. Betri iliyochoka haina fundi wa chini ya mwembe, na ndiyo sehemu kubwa ya bei ya gari. Lori la umeme ambalo Scania ililitangaza kuwa linakwenda kama kilomita 350 kwa chaji moja likiwa jipya, litafika kwetu likikwenda ngapi? Mbeya hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800.

Kwa hiyo anayechukua mkopo wa miaka minne leo kununua Scania ya dizeli asitishwe na habari za umeme. Lori lake litakuwa limemaliza deni kabla njia ya Mbeya haijapata vituo vya kuchajia malori. Serikali ndiyo isingoje. VETA ianze kufundisha mafundi wa umeme wa volti kubwa za magari, kazi ambayo kosa moja linaua. Nalo Shirika la Viwango, TBS, likague betri za magari ya mitumba yanayoingia kama linavyokagua breki na taa, na mnunuzi apewe cheti kinachosema betri imebaki na asilimia ngapi ya uwezo wake kabla hajalipa.