Ngome Yetu Iko Webuye, Sisi Tuko Njoro Tunapiga Selfi

Wasee, leo nitawakasirikia kidogo. Na nitaanza na mimi mwenyewe, ndiyo mtu asiseme najifanya mtakatifu.

Mwaka jana tulitoka Moi's Bridge saa kumi usiku, watu sita, tumechanga pesa ya mafuta. Tukapita Eldoret, tukapita Nakuru, mpaka Njoro. Karibu kilomita 200, tumevaa kama tunaenda harusi, kisa na maana tunaenda kuona kasri la Lord Egerton. Nikalipa kiingilio. Nikapigwa picha kwa ngazi, kwa dirisha, kwa mlango, kila kona. Hiyo video ilifanya vizuri kuliko kitu chochote nimewahi kuweka. Komenti ya kwanza kabisa ilisema: "Huku kwetu hakuna kitu kama hii." Na mimi nikaipigia moyo. Nilikubali.

Krismasi nikamwonyesha kukhu ile video. Akaangalia mpaka mwisho bila kusema neno, halafu akaniuliza swali moja tu: "Mjukuu wangu, na hao waliobeba hayo mawe, walikuwa wanalala wapi?"

Manze, sikuwa na jibu. Nilikuwa nimezunguka nyumba nzima na hilo swali halikunijia hata mara moja.

Sasa tuongee ukweli kuhusu hiyo nyumba. Maurice Egerton, baroni wa nne wa Egerton wa Tatton huko Uingereza, alianza kuijenga mwaka 1938. Vita vya Pili vya Dunia vikaingia katikati, ikaisha 1954. Hebu shika hiyo 1954. Ni katikati ya Hali ya Hatari. Mwezi wa Aprili mwaka huo serikali ya kikoloni ilifanya Operesheni Anvil pale Nairobi, maelfu ya watu wakakusanywa na kupelekwa kambini. Na wakati huo Njoro mtu mmoja anamalizia kasri lake, kwenye nyanda ambazo sheria ilikuwa imewatengea Wazungu peke yao. Babu yako angeonekana hapo, ni kama mfanyakazi. Bwana Egerton mwenyewe aliaga dunia 1958, hajaoa, hana mtoto, na cheo chake kikaisha naye. Miaka minne tu baada ya nyumba kuisha.

Lakini sisi tunapenda nini? Ile hadithi ya waongozaji, ati kuna mwanamke aliidharau nyumba yake ya kwanza, ndiyo yeye kwa hasira akajenga kubwa. Hadithi ya mapenzi ni tamu, sikatai. Shida ni kwamba ukishaonja utamu wake husumbuki tena kuuliza shamba lilikuwa la nani na mawe yalibebwa na nani.

Sisemi kasri libomolewe. Chuo Kikuu cha Egerton kinalitunza, na ni vizuri. Ninachosema ni hiki: sisi watoto wa huku tunasafiri usiku kwenda kushangaa geti ambalo lilifungiwa wazee wetu, halafu tunarudi nyumbani tunasema kwetu hakuna kitu.

Kwetu kipo. Tumekataa kukiangalia.

Tuanze hapa hapa. Mji wetu ulikuwa unaitwa Hoey's Bridge, jina la mlowezi Arthur Hoey. Baadaye ukaitwa Moi's Bridge. Mkubwa akatoka, mkubwa akaingia. Mimi nimekua hapa na sijawahi kusikia kijana mwenzangu akiuliza pale pa kuvukia Nzoia paliitwaje kabla ya wote wawili. Na zile beseni za duara ambazo watu huonyeshana kwenye mashamba ya Uasin Gishu na Trans Nzoia, ukidhani ni bwawa lililokauka? Wataalamu wa mambo ya kale wanaziita mashimo ya Sirikwa. Zilikuwa mazizi ya ng'ombe, na nyumba ya mwenye ng'ombe ikiwa imeshikana nazo pembeni. Watu wametengeneza makao hapa karne nyingi kabla ya Hoey kuzaliwa, na sisi tunapita juu yake na boda tukiwa tumeangalia simu.

Sasa fuata huo mto. Nzoia inayopita chini ya daraja letu inateremka mpaka Webuye, pale inapoanguka kwenye maporomoko ya Nabuyole. Karibu na hapo, juu ya mteremko, kuna mahali panaitwa Chetambe. Kutoka huku unapanda matatu mpaka Kitale, unabadilisha, unapita Kiminini na Kamukuywa, unashuka Webuye. Unaenda na kurudi siku moja, na bado unafika nyumbani kabla ya chakula cha jioni.

Chetambe ni ngome. Babukusu zamani walikuwa wanaishi ndani ya vijiji vilivyozungushiwa ukuta wa udongo na handaki, wanaita lukoba, zikiwa nyingi ni chingoba. Ngome hii ina jina la mzee wa Kitachoni. Mwaka 1895 Waingereza waliokuwa na kituo pale Mumias, wakiongozwa na Charles Hobley, waliwashambulia Babukusu baada ya ugomvi uliohusu bunduki na askari waliouawa. Walipiga kwanza ngome ya Lumboka. Waliookoka wakakimbilia Chetambe, wakajifungia humo pamoja na Watachoni. Ndani walikuwa na mikuki na ngao. Nje kulikuwa na bunduki za kisasa. Watu wengi walikufa pale, ng'ombe wakachukuliwa, wanawake na watoto wakatekwa.

Miaka ya 1940 Elijah Masinde na wafuasi wa Dini ya Msambwa walipanda pale kuwakumbuka waliokufa. Mwaka 1948 mkoloni akaipiga dini hiyo marufuku. Fikiria hilo. Serikali yenye majeshi iliogopa watu kukumbuka. Sisi hakuna mtu ametukataza, na tumesahau wenyewe, bure, bila hata kulipwa.

Nilienda Februari. Mimi na mwenyeji mmoja, mzee wa pale. Nitakuwa mkweli: hakuna ngazi ya kupigia picha. Kuna nyasi, kuna mstari wa handaki ambao ukionyeshwa ndiyo unaanza kuuona, na chini kabisa unaona mji wa Webuye. Mzee alikuwa anaonyesha kwa fimbo: hapa ukuta, hapa lango, hapa walianguka. Bila yeye ningeona kichaka tu. Na hapo ndipo niliogopa. Jiwe la Njoro linaweza kungoja miaka mia mbili. Udongo unakula mvua kila Aprili. Na mzee hangoji.

Najua mtaniambia nini. Ya kwanza: "Hakuna kitu cha kuona, haileti watazamaji." Sawa, nendeni mkaone Thimlich Ohinga kule Migori, kuta za mawe zilizopangwa bila saruji, zinasimama mpaka sasa. Kwa miaka mingi watu walipita wakisema ni mawe tu. Mwaka 2018 UNESCO ikaiweka kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Mawe hayakubadilika. Kilichobadilika ni watu kukubali kuyaangalia.

Ya pili: "Hayo ni mambo ya ukabila." Kinyume chake! Ukifika Chetambe ndipo unagundua historia haikai kwenye kabila moja. Waliokuwa ndani ni Babukusu na Watachoni. Waliokuja na Hobley walikuwa askari wa Sudani, Baganda, na pia wapiganaji wa Nabongo Mumia, mfalme wa Wanga, Waluhya wenzetu kwa hesabu ya leo. Kwa hiyo usiishie Webuye. Endelea na mto, maana Nzoia hiyo hiyo inafika Mumias. Nenda Matungu, kwenye Kituo cha Utamaduni cha Nabongo, uone wafalme walipozikwa. Mumia aliishi mpaka 1949. Uliza kwa heshima, lakini uliza: kwa nini aliwakaribisha? Alipata nini, alipoteza nini? Makao ya mfalme wetu nayo yaulizwe swali la kukhu, kama ya baroni.

Ya tatu: "Hiyo ni kazi ya serikali." Ndiyo, ni kazi yao. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, inaipa serikali ya kitaifa maeneo ya kale yenye umuhimu wa kitaifa, na kaunti zinapewa makumbusho. Kwa hiyo MCA akija kuomba kura akiwa na fulana, muulize ameweka nini kwenye bajeti kwa ajili ya ngome za Bungoma. Lakini wewe una simu yenye kamera nzuri kuliko za stesheni za zamani. Hobley, mtu aliyeongoza mashambulizi, alichapisha kumbukumbu zake kwa kitabu mwaka 1929. Yeye aliandika. Wajukuu wa waliokuwa ndani ya ngome wana data, wana mwanga, wana wafuasi, na wanapiga video ya ngazi za Njoro. Mimi nikiwa wa kwanza.

Kwa hivyo nawapa kazi, na msinijie na visingizio. Likizo hii, kabla ya safari yoyote ya kasri, nenda Chetambe. Nenda na mwenyeji, omba ruhusa, pale ni mahali pa marehemu, usicheze densi juu ya handaki. Mpe mzee maikrofoni na umwache aongee mpaka amalize, kwa Lubukusu kama anataka, tafsiri tutaandika chini. Halafu ukienda Njoro, nenda tu, lakini ukiwa pale kwa ngazi muulize mwongozaji waliobeba mawe walilala wapi. Mrekodi akijibu. Hata akinyamaza, rekodi.

Ile video yangu ya zamani sijaifuta. Nimebadilisha maandishi ya juu tu. Sasa yanasema: "Hapa nilisahau kuuliza."