Goma: Kumupeleka bibi kula Birere si uchoyo

Katika muji wa Goma, bwana akimwambia bibi yake kwamba siku ya posho watatoka kula, bibi anawaza mahali pawili tu: Gisenyi, ngambo ya mupaka, ao moja ya restora za kando ya ziwa kule Himbi. Bwana akitaja Birere, maneno yanaharibika. Birere ni ya wamotari, ya wabeba mizigo na wasukuma chukudu. Mwanaume anakula pale peke yake saa sita muchana, kwa haraka, na mangaribi akirudi nyumbani hasemi alikula wapi. Kumupeleka mama wa watoto pale ni kama kumwambia kwamba hana bei.

Mawazo hayo yanafaa kubadilika, na si kwa sababu ya bei ya sahani.

Goma ni muji wa chakula, na chakula hicho kinapitia Birere. Maharagi na viazi vinashuka kutoka Masisi na Rutshuru. Maziwa yanafika katika bidoni. Samaki wakubwa wanatoka Vitshumbi, kwenye Ziwa Edouard. Fromaji ya Masisi, ile ya mviringo ambayo wamisionari waliwafundisha wafugaji kuitengeneza, inauzwa barabarani kama vile mahali pengine wanauza mikate, na mutu wa Goma akisafiri kwenda Kinshasa bila kuibeba, jamaa zake wanamupokea kwa baridi.

Kisha kuna sambaza. Watu wengi wanafikiri samaki huyo muchanga alizaliwa katika Ziwa Kivu. Hapana. Aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa sababu katikati ya Kivu, penye maji marefu, hapakuwa na samaki wa kutosha wa kuvua. Leo hakuna mezani kwa Goma pasipo yeye. Wavuvi wanatoka usiku na mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti, taa zinawaka juu ya maji, samaki wanafuata mwangaza. Asubuhi sambaza wanafika sokoni, na kabla ya saa sita wamekwisha kukaangwa katika mafuta, na chumvi, pilipili na ndimu kidogo. Mutu anayewala siku ya pili anakula kitu kingine kabisa.

Mufano, bwana na bibi wa Bukavu wanaopanda boti kuja kupumzika Goma siku mbili bila watoto. Wakikaa katika restora moja tangu asubuhi mpaka usiku, watakula muchele na kuku kama vile wangekula kwao. Lakini wakitembea Birere kwa miguu, polepole, wanaweza kuanza na uji ao chai ya maziwa na mandazi ya moto, mahali ambapo mama anapika tangu saa kumi na moja ya asubuhi. Saa sita wanaingia katika malewa (jina hilo lilitoka Kinshasa, lakini sasa ni la kila mutu) na kuuliza: "Mama, sambaza iko?" Anajibu: "Iko, papa. Mama, kaa hapa." Bugali inafika ikiwa na moshi, lenga-lenga ao sombe pembeni. Nyuma ya hapo, wanahamia kwingine kwa brosheti ya mbuzi na ndizi ya kuchoma. Na kabla ya kurudi kulala, wanakata fromaji kipande, wanaila na mukate wakiwa wamesimama. Hakuna restora moja ya Goma inayoweza kuwapa vyote hivyo kutoka mikono mine tofauti, kila mukono na kazi yenye unajua kuliko zote.

Gisenyi wanakula nini? Sambaza wa ziwa lile lile. Brosheti na viazi. Ukweli usemwe: wanaovuka Petite Barrière siku ya posho hawafuate ladha. Wanafuata meza safi, choo chenye maji, barabara yenye taa, na kutembea mangaribi bila kugeuka nyuma. Hizo si sababu za upuuzi. Bibi mwenye anakataa Birere mara nyingi hakatae chakula. Yeye ndiye mutu wa kwanza katika nyumba kujua kwamba sahani iliyooshwa katika beseni moja tangu asubuhi inaweza kuleta ugonjwa. Kolera inarudi Goma karibu kila mwaka, na wenye umri bado wanakumbuka Julai 1994, wakati iliua maelfu ya wakimbizi kandokando ya muji.

Hapo ndipo mashaka yenyewe iko, na haiko kwa mama mwenye anapika. Muji unaokaa juu ya ziwa unauza maji katika bidoni. Mei 2021, lava ya Nyiragongo iliharibu tangi na mabomba, na watu wengi sana wakabaki bila maji safi. Mama wa malewa ananunua bidoni ya maji kama vile ananunua makala: anaihesabia. Kila bidoni ya kuoshea sahani inatoka katika faida yake. Anayemulaumu kwamba anaosha sahani nyingi katika maji kidogo angeanza kwa kuuliza ni nani alipaswa kumuletea bomba. Maana feza ya taxe anaitoa. Mara nyingi mama mwenye anauza kando ya barabara anakutana asubuhi na mutu wa kumulipisha, na muchana na mutu wa kumufukuza.

Muji mwingine ulikuwa na mashaka hiyo hiyo. Singapore, mahali ambapo leo watu wanapanda ndege ili kwenda kula tu, ilikuwa na wapishi wa barabarani kama hawa. Tangu miaka ya 1970 serikali iliwajengea masoko ya chakula yenye bomba, mifereji na choo, ikawaingiza ndani, na mapishi yakabaki yao. Mwaka wa 2020 UNESCO iliandika desturi hiyo kati ya urithi wa wanadamu, mwaka mumoja kabla ya rumba ya Kongo. Karibu zaidi, Kampala ilichukua rolex, chapati ya kukunja na mayai, chakula cha wanafunzi na wenye mufuko mwepesi, ikaifanyia sikukuu mwaka wa 2016. Goma ina sambaza, fromaji na viazi ya Masisi. Sikukuu inaweza kungoja. Bomba haiwezi.

Wengine watasema hii si saa ya kuzungumzia kula vizuri. Tangu mwisho wa Januari 2025, wakati muji uliingia mikononi mwa M23, benki zilifunga milango, uwanja wa ndege ukafungwa, na feza ya mukononi ikawa ngumu kupata. Ni kweli kabisa. Lakini mupishi wa Birere hakuwa na konti ya benki inayomungojea. Anaishi kwa sahani: akiuza, kesho ananunua unga na makala, asipouza, watoto wanabaki nyumbani wakati wenzao wanaenda masomo. Vita vikikata njia ya Sake, yeye anajua mbele ya waandishi wa habari, kwa sababu bei ya maharagi inamwambia. Na nyumba za mbao zinazomuzunguka zimeungua mara nyingi, kwa hiyo kila jioni anazima makaa yake kwa maji aliyonunua.

Mia ya dola inayovuka mupaka siku ya posho haimufikie. Kidogo chake kikibaki Birere, anakipata siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo bwana anayetaka kumupeleka bibi yake Birere afanye vile mutu mwenye heshima anafanya. Amupeleke muchana, si usiku. Amwachie yeye kuchagua mahali, maana bibi akitazama mafuta katika karayi na kifuniko cha bidoni, anajua paingiwe ama papitwe. Waombe maji ya moto ya kunawa, hata wakingojea. Wakae ndani, wasibebe sahani kando kama watu wanaojificha. Na bei ya mama isijadiliwe kama bei ya kitambaa: kule Himbi wanalipa bila kuuliza, na sambaza ni wale wale.