Mbio za farasi: Nani anavuna fedha, na mfugaji wa Tarime ajifunze nini?

Na Mwandishi Wetu

KWA mkazi wa kawaida wa Tarime au Serengeti, farasi ni mnyama wa kwenye picha. Tuna ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda. Hata hivyo, katika vibanda vya kubeti vilivyoenea kwenye miji yetu, farasi wanakimbia kutwa nzima kwenye skrini, na vijana wanaotoka kuuza mahindi, ndizi au mitumba wanaacha hapo fedha walizozipata kwa jasho.

Kwa sababu hiyo si vibaya mkulima na mfanyabiashara mdogo akaielewa biashara hii ya farasi: inaendeshwaje, nani anapata na nani anapoteza. Ukiufuatilia msimu mmoja wa mbio kubwa kuanzia mwanzo hadi mwisho, utaona kuwa fedha nyingi haziendi kwa anayebahatisha mshindi. Zinakwenda kwa anayejua kuzalisha, kutunza kumbukumbu na kungoja. Hayo ni mambo yanayomhusu pia mwenye ng'ombe watatu kijijini.

Jirani zetu wana mbio hizi

Tusidhani kuwa mambo haya yako Ulaya na Marekani tu. Ukivuka Sirari na kwenda hadi Nairobi, utaukuta uwanja wa Ngong, ambao umekuwa makao ya mbio za farasi za Kenya tangu mwaka 1954. Kenya ina Guineas, Derby, Oaks na St Leger zake, kwa kufuata mtindo wa Uingereza, ambako St Leger ilianza mwaka 1776 na Derby mwaka 1780.

Historia ya mbio hizo nchini Kenya ina somo la biashara ambalo mfanyabiashara wa nafaka wa Tarime atalielewa mara moja. Mlowezi Charles Clutterbuck alikuwa na shamba Njoro, akifuga farasi wa mbio na kuendesha mashine za kusaga unga. Alifunga mikataba ya kuuza unga kwa bei iliyopangwa mapema. Ukame ulipokuja, bei ya nafaka ikapanda kupita bei ya mkataba. Aliitimiza mikataba yake kwa hasara, akafilisika, na mwanzoni mwa miaka ya 1920 akaenda Peru kufundisha farasi wa watu wengine.

Hakuangushwa na farasi, bali na kukubali bei ya kesho bila kujua mvua ya kesho. Anayeuza mahindi yakiwa bado shambani kwa bei ya leo anakutana na hatari iyo hiyo kutoka upande wa pili: mvua ikikataa na bei ikapanda, faida yote inakuwa ya mnunuzi.

Binti yake, Beryl Markham, alibaki Kenya. Alipata leseni ya ukufunzi wa farasi akiwa msichana, akawa rubani, na mwaka 1936 akavuka Bahari ya Atlantiki peke yake kwa ndege kutoka mashariki kwenda magharibi. Baadaye alirudi kwenye farasi na kufundisha washindi sita wa Derby ya Kenya. Baba aliondoka akiwa amepoteza mali, lakini ujuzi wa kumtunza mnyama alikuwa amekwisha kumrithisha binti yake.

Msimu wa 2025 Marekani

Sasa tuangalie msimu mmoja. Nchini Marekani kuna mbio tatu kubwa za farasi wa umri wa miaka mitatu, na zote hufanyika ndani ya wiki tano hivi: Kentucky Derby mjini Louisville, Preakness mjini Baltimore na Belmont huko New York. Kati ya mbio ya kwanza na ya pili kuna wiki mbili tu. Anayeshinda zote tatu huingia katika historia, na kufikia mwisho wa mwaka 2025 walikuwa wamefanikiwa farasi 13 tu, wa kwanza mwaka 1919 na wa mwisho, Justify, mwaka 2018.

Mei 3, 2025, Kentucky Derby ilikimbiwa kwenye tope baada ya mvua. Zawadi zote kwa pamoja zilikuwa dola milioni 5 za Marekani, yaani zaidi ya Sh bilioni 10. Wengi walimtarajia farasi aitwaye Journalism. Aliyeshinda ni Sovereignty, mali ya kampuni ya Godolphin ya mtawala wa Dubai, Sheikh Mohammed bin Rashid Al Maktoum. Journalism alikuwa wa pili na Baeza wa tatu.

Kilichofuata kiliwashangaza wengi. Mkufunzi wa Sovereignty, Bill Mott, pamoja na wamiliki, waliamua farasi huyo asikimbie Preakness. Walisema wiki mbili hazitoshi kumpumzisha. Walilaumiwa sana, kwani waliitupa nafasi ya kushinda mbio zote tatu, na katika mbio hiyo kulikuwa na dola milioni 2 za kugombewa. Journalism alikimbia, akabanwa katikati ya wenzake, akajichomoa na kushinda.

Juni 7 wawili hao wakakutana tena katika Belmont, ambayo mwaka huo ilifanyika Saratoga kwa sababu uwanja wake wa kawaida ulikuwa unajengwa upya. Sovereignty alikuwa amepumzika wiki tano. Journalism alikuwa amekimbia mbio mbili ngumu. Sovereignty alishinda, Journalism akawa wa pili, Baeza wa tatu, kama ilivyokuwa Louisville. Mwezi Agosti Sovereignty akashinda tena mbio ya Travers kwa kuwaacha wenzake mbali.

Je, mapumziko peke yake ndiyo yaliyoleta ushindi? Huwezi kusema hivyo moja kwa moja, kwa kuwa Sovereignty alikuwa amemshinda mwenzake tangu mbio ya kwanza. Lakini wenye mnyama waliukataa ushindi wa karibu ili kuulinda mwaka mzima, na hesabu yao haikuwaangusha.

Wala uangalifu hauondoi bahati mbaya. Mwishoni mwa Oktoba, Sovereignty alipokuwa akisubiriwa katika mbio kubwa ya Breeders' Cup Classic huko California, alipata homa, akaondolewa. Mbio hiyo ilichukuliwa na Forever Young kutoka Japani, farasi wa kwanza aliyefundishwa nchini humo kuishinda. Mnyama ni kiumbe hai. Anaweza kuugua siku unayomhitaji kuliko zote, na mwenye busara hawekezi mali yake yote kwenye siku moja.

Bei kubwa si ubora

Mfugaji wetu anapokwenda mnadani kununua dume, mara nyingi huangalia urefu, rangi na unene. Wenye farasi nao wana ugonjwa huo. Mwaka 2006, nchini Marekani, farasi mchanga aitwaye The Green Monkey alinunuliwa kwa dola milioni 16. Alikimbia mara tatu tu na hakushinda hata mara moja. Kwa upande mwingine, Seattle Slew alinunuliwa kwa dola 17,500, na mwaka 1977 akashinda zile mbio zote tatu.

Mwaka 2022, Rich Strike, aliyekuwa amenunuliwa kwa dola 30,000, aliingia Kentucky Derby dakika za mwisho baada ya farasi mwingine kuondolewa, akashinda akiwa miongoni mwa walioaminiwa kidogo kabisa. Lakini baada ya siku ile hakushinda tena. Nyota ya siku moja si sawa na mnyama wa kutegemewa.

Ubora basi unapimwaje? Tumwangalie baba yake Sovereignty, dume aitwaye Into Mischief. Mwaka 2012 ada ya kumpandisha ilikuwa imeshuka hadi dola 7,500. Watoto wake walipoanza kukimbia na kushinda, ada ikawa inapanda mwaka hadi mwaka, na kufikia mwaka 2025 ilikuwa dola 250,000. Dume ni yule yule. Kilichobadilika ni kumbukumbu za watoto wake.

Hapa ndipo penye fedha ya kweli ya farasi. Zawadi za mbio ni nyingi, lakini gharama za kumlisha, kumtibu na kumfundisha farasi ni kubwa, na farasi wengi hawarudishi hata gharama hizo. Faida kubwa hupatikana kwa wachache wanaothibitika na kisha kutumika kwa uzalishaji. Uthibitisho wenyewe umo kitabuni: tangu mwaka 1791 Waingereza wanachapisha daftari la vizazi vya farasi wa mbio, na wote wa asili hiyo ukoo wao wa kiume unarudi kwa madume matatu tu yaliyoletwa Uingereza kutoka nchi za Mashariki.

Mfugaji mdogo ana nafasi ambayo sheikh hana

Kanuni za farasi wa mbio zinakataza uhimilishaji. Mtoto aliyepatikana kwa mbegu ya chupa haandikishwi. Lazima dume na jike wakutane, na ndiyo maana ada ni kubwa hivyo.

Kwa ng'ombe mambo ni tofauti. Mbegu ya dume bora inaweza kugandishwa, kusafirishwa na kutumiwa kwa ng'ombe wengi, na nchi yetu ina kituo cha taifa cha uhimilishaji, NAIC, kilichopo Usa River mkoani Arusha. Kwa maana hiyo mwenye ng'ombe wawili Tarime anaweza kufikia damu bora kwa njia ambayo tajiri wa farasi ameikosa kwa kanuni zake mwenyewe.

Lakini mbegu bila daftari ni kazi bure. Ni wangapi kati yetu wanaoweza kusema ng'ombe huyu alizaliwa lini, mama yake alitoa lita ngapi, alizaa mara ngapi na ndama wake wangapi walipona? Tukiuza ndama bila kumbukumbu tunauza rangi na unene, na mnunuzi atatulipa rangi na unene. Hata benki au mkopeshaji hawezi kukuamini kwa maneno matupu.

Vivyo hivyo kwa maksai. Mvua za kwanza zinaponyesha, kila mtu anataka alimiwe, na mwenye jozi nzuri hushawishika kukodisha kutwa nzima kila siku. Akiwachosha wiki ya kwanza, ya tatu watalala, wakati wateja bado wapo.

Kwa nini tusifuge farasi?

Msomaji anaweza kuuliza, kama jirani wanafuga, kwa nini sisi tusijaribu? Katika kilima cha Sasakwa, wilayani Serengeti, wawekezaji wa Grumeti wamewahi kuwa na farasi wa kupandwa na watalii. Lakini hiyo ni shughuli yenye madaktari na mtaji mkubwa.

Kwa mkulima, mazingira yetu ni magumu. Kuna nagana, inayoenezwa na mbung'o, na farasi hawauvumilii ugonjwa huo. Kuna pia ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaosababishwa na virusi na kuenezwa na visubi wadogo wanaouma. Pundamilia huvibeba virusi hivyo bila kuonyesha dalili, ilhali farasi hufa kwa wingi. Kuishi kando ya hifadhi yenye makundi makubwa ya pundamilia si mahali pa kuanzia ufugaji wa farasi.

Tuliye naye ni punda, ndugu wa farasi, anayeustahimili zaidi ugonjwa huo. Anabeba maji, magunia na kuni, na bado anadharauliwa. Biashara ya ngozi ilipopamba moto, punda wengi waliibwa na kuchinjwa, hadi Tanzania ikapiga marufuku uchinjaji wake mwaka 2022 na Umoja wa Afrika ukafuata mwaka 2024. Ukihesabu nauli ya bodaboda anayokuokolea kwa mwaka, utamjengea banda.

Dau na mtaji

Turudi kwenye kibanda cha kubeti. Katika viwanja vya farasi halisi vya Marekani, madau hukusanywa kwenye kapu moja. Mwendeshaji hukata sehemu yake kwanza, kati ya asilimia 15 na 25 hivi kutegemea aina ya dau, ndipo washindi wanagawana kilichobaki.

Chukua mfano wa asilimia 20. Mwenye Sh 10,000 akizizungusha zote mara moja, kwa wastani hubaki na 8,000. Akizungusha tena, 6,400. Mara ya tatu, 5,120. Mara ya nne, 4,096. Mmoja atapata nyingi siku moja na jina lake litaimbwa mtaani, lakini kundi zima linapungukiwa kila mzunguko.

Tena pale Louisville angalau mtu anaweza kusoma kumbukumbu za farasi, kuangalia tope na kumjua mkufunzi. Farasi wa kwenye skrini hana baba, hachoki, haugui homa. Ni programu ya kompyuta, na uwezekano wa kushinda umepangwa na mwenye mashine. Hakuna ujuzi utakaokusaidia hapo. Kwa mama lishe au muuza dagaa, Sh 10,000 ni mtaji wa siku nzima, na ukikatika leo kesho hakuna biashara.

Kwa hiyo, kabla ya mvua zijazo, nunua daftari. Andika kila mnyama uliye naye, tarehe aliyopandwa, aliyozaa na aliyotibiwa, na maziwa aliyotoa. Usiuze nafaka yote kwa bei ya mapema. Wape maksai siku za kupumzika. Fedha uliyotaka kumwekea farasi wa skrini, iweke kwenye chanjo ya ndama.