UKUMBI WA KOMPYUTA: Maelezo Yaliyosahauliwa



Baadhi yenu mlitoa pauni 15 za mfuko wa maziko kama mlivyotangaziwa, kisha mkapokea karatasi ya deni la pauni 5. Mweka hazina amelaumiwa bure. Kosa ni langu, kwani programu inayokokotoa michango niliiandika mimi, kwa lugha ya Python. Ada ilipopanda nilibadilisha tarakimu, nikayasahau maelezo yaliyo kando yake:

ada = 20  # kila nyumba hutoa pauni 15

Kompyuta haiyasomi maelezo. Lolote lifuatalo alama ya reli (#) huliruka hadi mwisho wa mstari. Basi ikaendelea kudai 20, ilhali mweka hazina wetu mpya, binadamu mwenye macho, aliyasoma na kuyaamini.

Guido van Rossum, Mholanzi aliyeitoa Python kwa umma mwaka 1991, aliandika pamoja na wenziwe mwongozo uitwao PEP 8, mwaka 2001. Humo wameonya kwamba maelezo yanayopingana na programu ni mabaya kuliko kukosa maelezo kabisa. Niliusoma zamani, wala sikuuzingatia.

Yapasa kuandikwa nini, basi? Si tarakimu, maana hiyo yaonekana. Kisichoonekana ni sababu:

ada = 20  # uamuzi wa mkutano mkuu; isibadilishwe bila idhini yake

Hata ada ikipanda tena kesho, maneno hayo hayatageuka uongo, na atakayenifuata atajua pa kuuliza.

Limebaki suala la lugha. Mwongozo huo huo wawasihi wasiotoka nchi za Kiingereza waandike maelezo kwa Kiingereza, ila wawe na hakika ya asilimia 120 kwamba programu haitasomwa na asiyejua lugha yao. Hakika hiyo sinayo. Vijana wetu waliozaliwa hapa Uingereza ndio watakaoirithi, na wengine husoma Kiswahili kwa kusitasita. Nilidhani niandike kwa lugha zote mbili. Binti yangu akacheka: “Baba, moja tu umelisahau, sasa wataka mawili?”

Nimeyaacha kwa Kiswahili, kwa kuwa kumbukumbu za mikutano yetu ni za Kiswahili, na mwenye kuutunza mfuko hana budi kuzisoma. Mwenye rai nyingine anieleze. Waliotoa 15 watamalizia 5 mwezi ujao, bila faini.